Dakika za usingizi katika upasuaji wa nyonga na goti: chanzo cha madhara au dalili yake?

Tafiti zinazofuatilia wagonjwa waliobadilishiwa nyonga au goti zimekuwa zikirudia jambo moja kwa miaka mingi: kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu chini ya dawa ya usingizi, ndivyo anavyokuwa na uwezekano mkubwa wa kuongezewa damu, kupata maambukizi ya jeraha, kulazwa siku nyingi zaidi na hata kurudishwa hospitalini baada ya kuruhusiwa. Kutokana na matokeo hayo, wapo wanaotaka muda wa usingizi uhesabiwe miongoni mwa vipimo vya ubora wa hospitali, na wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba kupunguza dakika hizo ni sawa na kupunguza madhara. Sina ugomvi na takwimu zenyewe. Hoja yangu ni kwamba muda wa usingizi ni jumla ya dakika za aina tofauti kabisa: baadhi zinamuumiza mgonjwa, baadhi zinamlinda, na nyingine zinatueleza tu kwamba kazi ya mgonjwa huyu ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Anayezijumlisha zote katika namba moja kisha akaamuru zipunguzwe anaweza kupunguza zile ambazo hazikustahili kuguswa.

Tuanze na upande wenye takwimu, kwa sababu uzito wake haupaswi kubezwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 66 za upasuaji wa aina mbalimbali, ukaonyesha kwamba uwezekano wa matatizo unakaribia kuwa maradufu pale upasuaji unapovuka saa mbili au zaidi, na kwamba kila nusu saa inayoongezeka huambatana na ongezeko la takribani asilimia 14. Miaka mitatu kabla ya hapo, utafiti wa Marekani uliopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.4 waliopasuliwa chini ya nusu kaputi kati ya 2005 na 2011 ulionyesha kwamba kundi lililokaa muda mrefu zaidi lilikuwa na uwezekano wa kuganda kwa damu kwenye mishipa ya vena mara 1.27 ya kundi la muda wa kati. Kwa upasuaji wa viungo hasa, chanzo kikubwa cha taarifa ni mpango wa ubora wa Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani, unaofuatilia wagonjwa kwa siku 30 baada ya kupasuliwa, na tafiti nyingi zilizochota humo zinaelekea upande uleule. Ushahidi unaotoka sehemu nyingi na kukubaliana namna hii hauwezi kuitwa bahati tu.

Hata hivyo, msomaji asitishwe na asilimia 14 kabla ya kuuliza ni asilimia 14 ya nini. Tuseme tatizo fulani huwapata wagonjwa wawili katika kila 100. Ongezeko la asilimia 14 linaipeleka hesabu hiyo kwenye wagonjwa 2.28 katika kila 100. Kwa mgonjwa mmoja anayejadiliana na daktari wake, tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwa nchi inayobadilisha makumi ya maelfu ya viungo kila mwaka, ni watu wengi wanaoweza kunusurika au kuumia. Mazungumzo mengi kuhusu suala hili huharibika kwa sababu ya kuchanganya mizani hizi mbili.

Sasa tujiulize kinachopimwa. Katika utaratibu wa Marekani, ambako takwimu nyingi zimetoka, muda wa usingizi, uwe wa nusu kaputi au wa ganzi, huanza pale mtaalamu wa usingizi anapoanza kumwandaa mgonjwa, na humalizika anapomkabidhi salama kwa wauguzi wa chumba cha uangalizi. Dakika hizo hutumika pia kukokotoa malipo, na ndiyo maana huandikwa kwa uangalifu. Lakini uangalifu wa kuandika haumaanishi kwamba kilichoandikwa kinaeleza yaliyoupata mwili. Kati ya mwanzo na mwisho wa muda huo, kisu kinaweza kuwa kimefanya kazi kwa nusu yake tu.

Chukua mgonjwa wa miaka 78 anayebadilishiwa goti kwa ganzi ya uti wa mgongo. Anaunganishwa na mashine za kupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni, kisha anawekewa sindano ya mshipa. Anakalishwa ukingoni mwa kitanda, mabega yakiwa yamelegezwa na kidevu kimeinamishwa kifuani, huku muuguzi akimshikilia kwa mbele. Mtaalamu anapapasa pingili za mgongo ambazo miaka imezibana na kuzikakamaza. Anaingiza sindano, inagonga mfupa, anairudisha nyuma kidogo, anabadili mwelekeo, inagonga tena. Pengine anahamia nafasi ya juu yake. Hatimaye maji meupe ya uti wa mgongo yanadondoka, dawa inaingizwa, mgonjwa analazwa, na timu inasubiri ganzi ipande hadi kiwango kinachotakiwa. Baada ya hapo kuna ganzi ya neva za paja kwa ajili ya maumivu ya usiku huo, kumweka mguu sawasawa, kuosha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu na kuisubiri ikauke, kufunika kwa vitambaa safi, na kusimama kwa pamoja kuthibitisha jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa na kama antibiotiki imeshatolewa. Ngozi bado haijachanwa, na saa imekwisha kula dakika nyingi.

Je, dakika hizo zina madhara? Nyingi ya hizo zimewekwa pale kumkinga mgonjwa. Orodha ya ukaguzi wa usalama iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ni mfano ulio wazi: ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo hula muda, na mgonjwa hungoja inaposomwa. Ganzi ya neva nayo hula muda, lakini humwezesha mgonjwa kusimama mapema na kupunguza dawa kali za maumivu ambazo huleta kichefuchefu, usingizi mzito na kuchanganyikiwa kwa wazee. Kipimo kinachoihesabu kazi hii sawa na kusubiri kifaa kilichosahaulika ni kipimo kisichoona.

Nikisema hivyo, sitaki nionekane ninausafisha muda wote wa kabla ya kisu, kwa sababu fiziolojia hairuhusu. Dawa za nusu kaputi hulegeza mishipa ya damu, na joto lililokuwa limehifadhiwa katikati ya mwili hukimbilia mikononi, miguuni na kwenye ngozi. Ganzi ya uti wa mgongo hufanya jambo linalofanana na hilo katika nusu ya chini ya mwili. Chini ya nusu kaputi, joto la ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5 za Selsiasi katika saa ya kwanza pekee, yaani wakati ambapo mgonjwa mara nyingi amefunuliwa akioshwa ngozi. Athari yake katika upasuaji wa nyonga imepimwa: jaribio dogo la wagonjwa 60 lililochapishwa mwaka 1996 liliwagawa kwa bahati nasibu, wengine wakitunzwa joto na wengine wakiachwa wapoe kidogo, na waliopoa walipoteza takribani nusu lita zaidi ya damu, kwa tofauti ya nyuzi 1.6 tu. Damu baridi haigandi ipasavyo. Kwa hiyo upo mnyororo halisi unaounganisha dakika za usingizi na damu inayopotea, na asiyetaka kuutambua anajidanganya. Ila tuangalie mnyororo huo unakatwa wapi: kinachoumiza ni baridi, na baridi hutibiwa kwa kumpasha mgonjwa joto kabla na wakati wa upasuaji, hata kama dakika zenyewe zitabaki zilezile.

Mnyororo wa pili unahusu jeraha lililo wazi, na hapa ndipo hoja ya wanaotaka muda upungue ina nguvu kuliko mahali pengine popote. Kiungo bandia hakina mishipa ya damu. Bakteria wachache wakitua juu ya chuma au plastiki yake hujijengea utando unaowakinga dhidi ya antibiotiki na chembe za kinga, na maambukizi ya namna hiyo yanaweza kumlazimu mgonjwa kurudi kufumuliwa kiungo chote. John Charnley, daktari wa Uingereza aliyeweka msingi wa upasuaji wa kisasa wa nyonga mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika hospitali ya Wrightington, alihangaika sana na hewa ya chumba cha upasuaji kwa sababu hiyo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1982, lililohusisha zaidi ya upasuaji 8,000 wa nyonga na magoti, lilithibitisha kwamba mfumo wa hewa safi sana ulipunguza maambukizi ya ndani kwa zaidi ya nusu. Kama hewa inayotua kwenye jeraha ni muhimu kiasi hicho, basi muda ambao jeraha linabaki likipokea hewa hiyo nao ni muhimu. Ongeza hapo kwamba kiwango cha antibiotiki ya kinga hushuka kadiri muda unavyokwenda, ndiyo maana sefazolini, antibiotiki itumiwayo sana kwa kinga hiyo, hurudiwa upasuaji ukidumu kwa muda wa saa nne, na kwamba misuli inayobanwa na mkanda wa kuzuia damu pajani huanza kuumia ukikaa muda mrefu mno. Dakika za jeraha wazi, kwa maoni yangu, ndizo zinazostahili wasiwasi mkubwa kuliko nyingine zote.

Tatizo ni kwamba hata dakika hizo hazigawiwi kwa wagonjwa bila sababu. Anayekaa mezani muda mrefu huwa ana mwili mzito unaofanya mfupa uwe mbali na mkono wa daktari, au goti lililopinda kwa miaka 20, au vyuma vya ajali ya zamani vinavyopaswa kutolewa kwanza, au kiungo bandia cha zamani kilicholegea na kinachobadilishwa kwa mara ya pili. Mambo hayohayo humwongezea hatari hata kama angepasuliwa kwa kasi ya ajabu. Watafiti hujitahidi kuyasawazisha kwa hesabu, wakitumia uzito, umri, kisukari na daraja la hali ya afya ambalo mtaalamu wa usingizi humpa kila mgonjwa. Lakini hesabu haiwezi kusawazisha kisichoandikwa. Kumbukumbu kubwa za hospitali hazielezi goti limepinda kwa digrii ngapi, mfupa ni laini kiasi gani, wala makovu ya upasuaji wa awali yameshikana vipi. Wagonjwa wawili wenye umri mmoja, uzito mmoja na daraja moja wanaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa kwa daktari.

Lipo pia tatizo linalosahaulika mara nyingi, nalo ni la mfuatano wa matukio. Mfupa wa paja ukipasuka wakati kiungo kinagongwa ndani, au mshipa ukikatika na damu kushindikana kuzuiwa, upasuaji utarefuka kwa sababu ya tatizo hilo. Katika takwimu, mgonjwa huyo ataonekana kama mtu aliyekaa muda mrefu na kisha akaongezewa damu, wakati ukweli ni kwamba kuvuja damu ndiko kulikomkalisha muda mrefu. Hapo tatizo limezaa muda, na jedwali linalosomeka kinyume linamhukumu daktari kwa dakika alizotumia kuokoa hali.

Vipi kuhusu dawa zenyewe? Watu wengi wanaposikia kwamba muda wa usingizi unahusiana na madhara, huelewa kwamba dawa ni sumu inayojilimbikiza dakika baada ya dakika. Ushahidi uliopo hauupi uzito mkubwa ufafanuzi huo. Ni kweli kwamba utafiti wa mwaka 2013 uliopitia kumbukumbu za wagonjwa 382,236 wa nyonga na magoti nchini Marekani ulikuta vifo vya siku 30 vikiwa asilimia 0.10 kwa waliopewa ganzi ya mgongo na 0.18 kwa waliopewa nusu kaputi, na wapo wanaotumia tofauti hiyo kuishitaki nusu kaputi. Lakini hizo nazo ni kumbukumbu, zenye udhaifu uleule wa nani alichaguliwa kupewa nini. Jaribio la mwaka 2021 lililowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga lilikuta vifo au kushindwa kutembea katika siku 60 vikilingana karibu kabisa: asilimia 18.5 kwa ganzi ya mgongo na 18.0 kwa nusu kaputi. Jaribio jingine lililofanyika China na kuchapishwa 2022, kwa wazee 950 waliovunjika nyonga, halikukuta tofauti ya maana katika kuchanganyikiwa baada ya upasuaji. Na mwaka 2019, jaribio la wagonjwa zaidi ya 6,600 waliopewa nusu kaputi nzito au nyepesi kwa upasuaji mkubwa halikuonyesha kwamba uzito wa usingizi ulibadilisha vifo vya mwaka mmoja. Wagonjwa wa majaribio haya hawafanani moja kwa moja na mtu anayebadilishiwa goti kwa mpango maalumu, na tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini kama dawa yenyewe ndiyo ingekuwa mkosaji mkuu, tungetarajia kuona alama yake kubwa mahali hapa, kwa wazee dhaifu kuliko wote.

Kwa hiyo ninapowasikia wasimamizi wakipendekeza mstari wa saa mbili, ambao ukivukwa daktari huitwa ajieleze, ninapata hofu. Mstari wa aina hiyo una historia inayoeleweka: mfumo wa Marekani wa kupima hatari ya maambukizi, uliochapishwa mwaka 1991, ulitumia muda unaozidi ule wa robo tatu ya upasuaji wa aina hiyo kama pointi moja kati ya tatu, pamoja na hali ya afya ya mgonjwa na usafi wa jeraha. Ulikuwa chombo cha kukadiria hatari, ili hospitali zilinganishwe kwa haki. Kukigeuza kuwa amri ni kukitumia kwa kazi ambayo hakikutengenezewa. Mwili hautambui tofauti ya dakika 119 na 121.

Amri hiyo inaweza pia kuleta madhara yake yenyewe, na hapa saruji ya mifupa inatufundisha kitu. Unga na kimiminika vikishachanganywa, mchanganyiko huwa laini, kisha unanata, kisha unakuwa kama donge linaloweza kushikwa bila kung'ang'ania glavu, na ndipo hupakwa kwenye mfupa. Kiungo kikishasukumwa mahali pake, daktari hulazimika kukishikilia bila kutikisika mpaka saruji ipate joto na kukauka, jambo linaloweza kuchukua zaidi ya dakika kumi kutegemea aina ya saruji na joto la chumba. Ukikigusa mapema, kinaweza kusogea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kitakachokilegeza miaka ijayo. Siku ya 30 kosa hilo litakuwa bado halijaonekana ili lihesabiwe. Hali ni hiyohiyo kwa kupima mizani ya kano zinazoshikilia goti, kuhakikisha urefu wa miguu unalingana, kuzuia kila chemchemi ya damu kabla ya kushona. Tafiti za siku 30 zinapima vizuri hatari za haraka na haziwezi kupima gharama ya haraka yenyewe. Tukumbuke pia kwamba madaktari wanaojifunza huchukua muda mrefu zaidi, na kwamba hospitali isiyowavumilia leo itakosa mabingwa kesho.

Ziko dakika, lakini, ambazo ningependa zifutwe bila huruma. Mgonjwa amelazwa usingizi na daktari mpasuaji bado yuko wodini. Seti ya vyombo inafunguliwa na kukutwa pungufu. Saizi ya kiungo inayohitajika haipo chumbani kwa sababu hakuna aliyepima picha za eksirei siku iliyotangulia. Muda huo hauna faida yoyote kwa mgonjwa, na hutokana na maandalizi duni, si na mikono ya mtu yeyote aliyevaa glavu. Ukitaka kuuona, unapaswa kuvunja muda wa usingizi katika vipande vitatu na kuviandika kila kimoja peke yake: kutoka mwanzo wa usingizi hadi kuchana ngozi, kutoka kuchana hadi kumaliza kushona, na kutoka kushona hadi kumkabidhi mgonjwa. Kipande cha kwanza kikirefuka, tunauliza kuhusu maandalizi, ugumu wa ganzi na joto la mwili. Cha pili kikirefuka, tunauliza kuhusu ugumu wa kiungo, uzoefu wa timu, hewa na antibiotiki. Cha tatu kikirefuka, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ameshaanza kutuambia kwamba mapafu au moyo wake haujaridhika, na hapo anayehitajika ni muuguzi makini wa uangalizi.

Jaribio gumu zaidi la hoja hizi zote linakuja kwa mtu mwenye magoti yote mawili yaliyokwisha, anayetaka yabadilishwe siku moja ili apitie usingizi mara moja tu. Kwa anayehesabu dakika za usingizi za safari nzima, huenda akaona ameokoa: maandalizi ni ya mara moja na kuamka ni mara moja. Kwa anayeogopa usingizi mrefu, ataona kinyume. Nadhani wote wawili wanatazama mahali pasipo jibu. Magoti mawili ni mifupa miwili inayotobolewa na kutiwa saruji siku moja, chembe za mafuta ya uboho zinazosukumwa kwenye damu mara mbili, na damu inayopotea pande mbili, ndiyo maana utaratibu huo huambatana na kuongezewa damu mara nyingi zaidi na matatizo zaidi ya moyo na mapafu, na ndiyo maana madaktari wengi huwachagulia watu wenye afya imara tu. Mgonjwa huyo anahitaji kupimwa moyo, mapafu na wingi wa damu kabla ya uamuzi, na kuelezwa matokeo ya vipimo hivyo kwa lugha anayoielewa. Akiuliza atakaa usingizini saa ngapi, ajibiwe kwa ukweli, kisha aelezwe pia ni kazi gani itakayofanyika katika saa hizo.